Barua ya Mjane wa Dakar, na Sisi Wenye Pete Moja

Kuna kitabu kimoja ambacho baadhi ya walimu wenzangu, na wazee wengine wa kanisa, hawakitaji ila kwa kukunja uso. Nacho ni kitabu cha Bibi Mariama Bâ wa Senegal, alichokiandika kwa Kifaransa na kukitoa mwaka 1979, ambacho kimefasiriwa kwa lugha nyingi za dunia, na kwa Kiswahili pia, kwa jina la Barua Ndefu Kama Hii. Mmoja husema, “Hicho ni kitabu cha Waislamu, chatuhusu nini sisi?” Mwingine husema, “Chafundisha wanawake kuwa wakaidi. Afadhali kisiingie katika nyumba za Wakristo.” Mimi nasema ya kuwa wote wawili hawakukisoma, au kama walikisoma, walikisoma kama mtu apitaye karibu na nyumba iwakayo moto akageuza uso, kwa sababu si yake.

Kwanza yafaa tumjue mwandishi. Bibi Mariama Bâ alikuwa mwalimu kama sisi. Alizaliwa mjini Dakar mwaka 1929, mama yake akafa angali mdogo, akalelewa na babu na bibi wa upande wa mama katika nyumba ya Kiislamu yenye kushika dini. Aliingia chuo cha kuwafundisha walimu wanawake huko Rufisque, akatoka na cheti chake mwaka 1947, akafundisha watoto, na afya ilipomshinda akahamishwa kazi ya ukaguzi wa shule. Aliolewa na mtu wa siasa, mbunge, wakazaa watoto 9, kisha ndoa ikavunjika. Alipokuwa amekaribia miaka 50 ndipo alipotoa kitabu hiki, na mwaka 1980 kikapewa tuzo ya Noma, naye akawa mtu wa kwanza kabisa kuipokea. Mwaka 1981 akafa. Basi anayedhani ya kuwa kitabu hiki kimeandikwa na msichana mwenye hasira, aliyetoka shuleni jana, ajue ya kuwa kimeandikwa na mama mtu mzima, mwenye chaki mikononi na watoto mgongoni.

Habari yenyewe ni hii. Mwalimu mmoja mwanamke, jina lake Ramatoulaye, amefiwa na mumewe, Modou Fall, ambaye moyo wake ulisimama ghafula. Sheria ya dini yake yamtaka akae eda miezi 4 na siku 10, naye aikaa. Katika kukaa huko ndani, achukua daftari na kumwandikia rafiki yake wa tangu utoto, Aissatou, aliye mbali Marekani. Amwandikia habari za msiba, na kutoka msiba arudi nyuma kwenye habari za ndoa. Waliishi miaka 25, wakazaa watoto 12. Kisha Modou akaoa msichana aliyekuwa akisoma pamoja na binti yao mkubwa, wala hakukanyaga tena nyumba ya mkewe wa kwanza. Miaka 5 ikapita hivyo mpaka mauti yalipomchukua.

Hapo ndipo ndugu yangu wa kwanza hukifunga kitabu na kusema, “Si nilikwambia? Ndoa ya wake wengi.”

Haya, na tusikilizane vizuri. Kama kosa la Modou lingekuwa ni kuoa mke wa pili tu, kitabu hiki kingalikuwa na kurasa chache mno. Dini yake humruhusu mwanamume kuoa zaidi ya mmoja, lakini humtaka awatendee sawa. Na Ramatoulaye, ijapokuwa moyo wake ulikuwa umechomwa, alijiweka tayari kwa jambo hilo. Alijiandaa kupokea zamu yake kama sheria isemavyo. Zamu haikuja. Modou hakuivunja sheria ya Wakristo, ambayo haikumhusu. Aliivunja sheria yake mwenyewe aliyoikiri. Basi kumtaja Modou kuwa mfano wa Uislamu ni kuwadhulumu jirani zetu Waislamu, ambao wengi wao wangemwonea haya. Nani katika kitabu hiki aliye Mwislamu wa kweli? Ni huyu mama anayekaa eda yake siku kwa siku, asali, na kumsamehe marehemu, huku akijua aliyotendewa.

Sasa tazameni mwanzo wa kosa. Binetou, yule msichana, alikuwa akija nyumbani kwa kina Modou kusoma pamoja na rafiki yake Daba, binti wa nyumba. Jioni ikifika, Modou husema, “Nitampeleka kwao, usiku umeingia.” Nani angemlaumu baba mwenye kumsindikiza mtoto wa watu? Kisha Binetou akaanza kuonekana na nguo za thamani, akimwambia Daba ya kuwa yuko mzee mmoja anayemnunulia. Daba akamhadithia mama yake, na mama akamhurumia yule msichana. Wote wawili hawajui ya kuwa mzee huyo ndiye anayekula nao meza moja. Hata siku ya arusi yenyewe Modou hakusema. Watu watatu ndio waliokuja kumwarifu mkewe: Imamu, na Tamsir kaka yake Modou, na Mawdo rafiki yake. Waliingia, wakakaa, wakazungukazunguka kwa maneno ya Mungu na ya kudra, mpaka mwisho wakamwambia ya kuwa Modou ameoa mke wa pili leo. Na huyu mama, kwa adabu ya kwao, akawashukuru, akawapa cha kunywa.

Nawauliza enyi wenye pete moja: ni neno gani hapo ambalo halimo katika nyumba zetu? Siri ya gari ya jioni haimo? Zawadi kwa msichana wa shule hazimo? Tofauti ni moja tu, nayo haitupi sifa. Modou alituma watu watatu kumpasha mkewe habari. Mkristo wetu mwenye hawara na watoto mtaa wa pili hatumi hata mmoja. Mkewe hupata habari kisimani, au siku ya maziko, wakati watoto wasiojulikana wanaposimama kando ya kaburi na kulia, “Baba!” Kisha sisi wazee na walimu husema, “Tusimwaibishe marehemu.” Wala hatukusema neno alipokuwa hai na kuketi kiti cha mbele kanisani. Mtu wa namna hii husema ana mke mmoja, na kitabu cha ndoa cha kanisa chamshuhudia. Lakini Nabii Malaki, katika sura yake ya 2, hakuuliza idadi ya wake. Aliuliza juu ya hiana.

Tena kuna jambo la nyumba, nami nataka kukaa hapo kidogo, kwa kuwa wengi hulipita. Modou na Ramatoulaye walijenga nyumba kwa akiba ya wote wawili. Mume alikuwa na mshahara na mke alikuwa na mshahara wa ualimu. Lakini hati ya nyumba iliandikwa jina la mume peke yake. Alipokufa, na jamaa walipofungua makaratasi kama ilivyo desturi ya mirathi, wakagundua ya kuwa nyumba ile ya Binetou ilinunuliwa kwa mkopo wa benki, na rehani iliyowekwa benki ilikuwa ni nyumba ya Ramatoulaye! Yaani mama wa watoto 12 alikuwa akilala usiku chini ya paa lililokwisha kuwekwa rehani ili mwenzake apate paa, naye hakuulizwa wala hakuambiwa. Mimi naona ya kuwa ukurasa huu una uchungu kuliko ule wa arusi. Katika arusi mtu aweza kusema, “Moyo wa mwanadamu umeteleza.” Lakini kalamu haitelezi. Mtu huketi, husoma, hufikiri, hutia sahihi. Na Modou alikuwa mtu wa sheria, tena kiongozi wa chama cha wafanyakazi, aliyejua vizuri sana maana ya haki ya mtu aliyetoa jasho.

Hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 59, yakataza mume au mke kuuza, kutoa, au kuweka rehani nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mwenziwe, hata kama jina lililo katika hati ni la mmoja. Ni sheria njema. Lakini ni wanawake wangapi wa vijiji vyetu waijuao? Na ni wanaume wangapi, waaminio, wanaoona ya kuwa kumwuliza mke habari za hati ni kujishusha? Kama kikundi cha akina mama cha kanisa kikisoma sura ile moja tu ya kitabu, na mtu mmoja akasimama kueleza kifungu hicho kimoja tu, nadhani faida yake ingezidi ile ya semina nyingi za ndoa tuzijuazo, ambamo mama huambiwa atabasamu na kupika vizuri.

Nirudi kwa Binetou, kwani juu yake mimi kama mwalimu siwezi kunyamaza. Wasomaji wengi humchukia. Humwita mwivi wa waume. Mwandishi hamwiti hivyo, ingawa alikuwa na sababu zote za kumwita. Amweleza kuwa mtoto mwenye akili, aliyetaka kuendelea mpaka mtihani wa mwisho wa sekondari, lakini mama yake alichoka na umaskini, akalia mbele yake siku baada ya siku mpaka msichana akakubali. Kisha Modou, akiogopa wenzake wa shule wasije wakamfungua macho, akamwondoa shuleni na kumpa faranga 50,000 kila mwezi, kama mshahara. Mama yake Binetou akapata nyumba, akapelekwa Makka, akaingia katika safu ya mabibi wakubwa. Nani aliyepata hasara? Ramatoulaye alipoteza mume, lakini alikuwa na kazi yake, watoto wake, na akili yake. Binetou alipoteza hata daftari. Mume alipokufa akabaki mjane kijana, asiye na cheti, ndani ya nyumba yenye deni.

Basi mzazi Mkristo anayesema kitabu hiki hakimhusu, na aniambie: hajapata kuona binti wa kidato cha pili au cha tatu akiacha dawati wazi kwa sababu yuko mtu mwenye pikipiki au duka? Na mama wa binti, je, hakuonekana na kitenge kipya? Sitaki kuwatukana maskini. Umaskini ni mwalimu mkali. Lakini nasema ya kuwa katika biashara hii ya kuuza mtoto, waliokaa mezani ni watu wazima wawili, naye mtoto hakukaa.

Sasa nije kwa ndugu wa pili, yule anayesema ya kuwa kitabu chafundisha wanawake kuvunja nyumba zao. Huyu ndiye anishangazaye zaidi. Mwanamke mwenye kusimulia habari hii, je, aliondoka? La, hakuondoka! Binti yake Daba alimsihi aondoke, rafiki zake walidhani ataondoka, naye akabaki. Alibaki na kazi ya watoto 12, na bili za maji na umeme ambazo zamani zililipwa na mume, na vitasa vilivyoharibika vya kutengenezwa, na watoto waliopanda basi asubuhi huku Binetou akipita katika gari jipya. Alikwenda sinema peke yake, akavumilia macho ya watu. Je, huo ni ukaidi? Kama ni ukaidi, basi laiti tungekuwa na makafiri wengi wenye ukaidi huo!

Aliyeondoka ni Aissatou, yule anayeandikiwa barua. Na habari yake ni tofauti, yastahili kusomwa polepole. Baba yake alikuwa sonara, na katika nchi ile watu wa ufundi wa madini huhesabiwa kuwa ukoo wa chini. Aliolewa na daktari, Mawdo Bâ, ambaye mama yake alikuwa wa damu ya kifalme ya Sine. Mama huyu hakugombana, hakupiga kelele, alisafiri kwao, akamchukua binti mdogo wa kaka yake, akamlea, akamsomesha ukunga, akamtia adabu zote za ukoo, na miaka ilipotimia akamwambia mwanawe, “Huyu ndiye mke wako, ukimkataa, aibu itaniua.” Mawdo akakubali. Kisha akamwambia Aissatou ya kuwa moyo wake ungali kwake, na huyu mwingine ni kwa ajili ya kumridhisha mama. Lakini watoto wakazaliwa katika ule uridhishaji! Aissatou hakutaka kugawanya maneno na matendo ya mtu mmoja mafungu mawili. Akaandika barua ya kuaga, akaiacha, akachukua wanawe 4, akajifungia kusoma vitabu, akapata ukalimani huko Ufaransa, kisha kazi katika ubalozi wa nchi yake Marekani.

Mbele ya jambo hili Mkristo aulize swali gumu, wala asilikimbie. Sisi twaamini ya kuwa ndoa haivunjwi. Nami naamini hivyo. Lakini ni nani aliyeivunja ndoa ya Aissatou? Yule aliyefungasha mizigo, au yule mama mkwe aliyekaa miaka akimlea mwali wa pili ili kuusafisha ukoo na damu ya sonara? Nasi tunao mama wakwe wa namna hiyo waliobatizwa. Hawaleti mwali nyumbani; husema tu kila siku, “Huyu si wa kabila letu,” au, “Huyu hana mtoto wa kiume,” mpaka mwana achoke. Kisha nyumba ikianguka, huja kwa mchungaji kulalamika ya kuwa mkwe wao hakuwa na uvumilivu.

Mwandishi naye hakumpa mmoja wa wanawake hao fimbo ya kumchapa mwenziwe. Aliyeondoka hamcheki aliyebaki; bali ampelekea gari, ili watoto wasidharauliwe. Aliyebaki hamlaumu aliyeondoka. Kama akina mama wa kanisa letu wangekuwa hivyo wao kwa wao, wala si kuhukumiana kwa mawingu ya uvumi baada ya ibada, sijui kama tungehitaji kamati nyingi za upatanisho.

Na kwa wale wanaotafuta Mkristo ndani ya kitabu wasimwone, nawaonyesha. Yupo Jacqueline, mwanamke wa Côte d'Ivoire, Mprotestanti, aliyemfuata mumewe Samba Diack mpaka Senegal, akakataa kubadili dini, akashika ibada yake ya Jumapili. Mumewe akawa mtu wa kuzunguka na wasichana wa mji, pasipo hata kuficha. Jacqueline akaugua. Akapigwa picha za mapafu na moyo, akapewa dawa nyingi, lakini hakuna ugonjwa ulioonekana, mpaka daktari mmoja mwenye hekima akamwambia ya kuwa mwili wake ni mzima. Ni maisha yake ndiyo yamgandamizayo. Mwanamke huyu hakuwa na mke mwenziwe kwa sheria. Alikuwa na mume mmoja, na ndoa moja, kama sisi. Kwa kurasa chache tu, mwandishi Mwislamu ametuonyesha dada yetu akiteseka katika ndoa isiyo na mke wa pili, nasi tukasema kitabu hakituhusu!

Wengine hulalamika juu ya namna kilivyoandikwa: “Mbona ni barua tu? Hakuna mapigano, hakuna safari, mama mmoja tu asema na rafiki yake.” Neno hili latoka vibaya katika kinywa cha Mkristo. Agano Jipya lina vitabu 27, na katika hivyo 21 ni nyaraka, yaani barua. Tuliipata imani yetu kwa barua. Na kwa upande mwingine Biblia hiyo hiyo yatuonyesha barua nyingine, ile Daudi aliyoiandika na kumpa Uria aichukue kwa mkono wake mwenyewe, asijue ya kuwa amebeba mauti yake. Hayo ndiyo matumizi mawili ya kalamu, tangu kale: kufunua na kuficha. Modou alitia sahihi kwa kuficha. Mkewe akaandika kwa kufunua.

Yako malalamiko mengine yenye uzito zaidi kidogo, nayo ni haya: “Twasikia upande mmoja, Modou amekufa, hawezi kujitetea.” Kweli, naye mwandishi hakumpa nafasi kubwa. Lakini nami nauliza: Modou alipokuwa hai alikuwa na miaka 5, na elimu ya sheria, na wino, na karatasi, na dereva wa kumtuma. Barua yake iko wapi?

Tena husemwa ya kuwa kitabu chatia moyo uasherati, kwa sababu binti mmoja wa Ramatoulaye apata mimba angali anasoma, na mama hamfukuzi. Naam, hamfukuzi. Alikasirika kwanza, moyo ukamwaka. Kisha akamkumbatia mwanawe, akamwita kijana mwenye kosa, akazungumza naye kama mtu mzima, wakapanga jinsi wawili hao watakavyofunga ndoa na kuendelea na masomo. Hata binti aliogopa ya kuwa shule itamfukuza yeye peke yake, huku mvulana akiendelea. Hapa kwetu wasichana walioshika mimba walifukuzwa shuleni miaka mingi, mpaka Novemba 2021 Serikali ilipotangaza ya kuwa waweza kurudi baada ya kujifungua. Mwandishi aliyaandika hayo mwaka 1979. Sijui twapata wapi ujasiri wa kumwita yeye mpotoshaji.

Nimalize kwa habari ya wachumba wawili, maana hapo ndipo kauli ya ukaidi inapoanguka kabisa. Siku ya arobaini ya msiba, Tamsir, kaka wa marehemu, aliingia chumba kile kile pamoja na wale wale, Imamu na Mawdo, waliokuja zamani kumwarifu mke habari ya arusi. Akasema ya kuwa eda ikiisha atamwoa yeye mjane. Hakuuliza, alitangaza. Desturi hiyo twaijua, na yako mahali katika nchi yetu ambapo haijafa. Mama yule aliyewanywesha wageni wake siku ya kwanza, safari hii akafungua kinywa. Akamkumbusha Tamsir ya kuwa wake alio nao ndio wamlishao kwa kazi za mikono yao, mmoja kwa kutia nguo rangi, mwingine kwa kuuza matunda, mwingine kwa cherehani, na ya kuwa yeye hatakuwa wa kuongeza idadi. Wakatoka.

Kisha akaja Daouda Dieng, na huyu hakuwa Tamsir. Alikuwa daktari, mbunge, mtu mwenye adabu, aliyempenda tangu ujana kabla Modou hajamchukua. Aliwatetea wanawake Bungeni. Alikuja kwa heshima, akanena kwa heshima, akasubiri jibu. Kwa mjane mwenye watoto wengi na deni, neno la ndiyo lingalikuwa rahisi. Jamaa wangalishangilia, na Farmata, manju wa kike jirani yake, alikuwa amekwisha kuona baraka katika kauri za uaguzi. Lakini Daouda alikuwa na mke na watoto. Ramatoulaye akaketi akaandika barua fupi. Akamwambia ya kuwa amheshimu lakini moyo wake haumpendi kwa pendo la ndoa. Na ya kuwa yeye aliyeachwa jana kwa sababu ya mwanamke, hawezi leo kuingia kati ya mume na mke wake. Akampa Farmata barua ile aipeleke, naye Farmata akaenda nayo kwa furaha, akidhani amebeba ndiyo. Daouda akajibu kwa maneno machache, hakurudi tena, na mkewe, ambaye katika kitabu kizima hatumsikii akisema neno, akabaki na mume wake.